Kupima na Kubadili Oili ya Pikipiki Kuukuu

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kuwaeleza habari za jambo moja dogo ambalo watu wengi hulidharau, yaani oili ya injini ya pikipiki. Najua wengine watasema, "Mwanafunzi na oili, wapi na wapi? Hiyo ni kazi ya fundi." Lakini simama asubuhi karibu na lango la shule, utazame. Walimu wengine hufika kwa pikipiki. Wazazi huleta watoto na masanduku yao kwa pikipiki. Viazi, mkaa, parachichi, mbao, hata wagonjwa, wote husafiri kwa pikipiki hiyo hiyo. Tangu Lupembe mpaka Uwemba, na tangu Njombe mjini mpaka Makambako, ni shida kupata ukoo usio na mtu wa bodaboda. Tena nyingi katika pikipiki hizo si mpya. Zimekwisha kupita mikononi mwa mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Basi yafaa tujue kuzitunza.

Lakini iko sababu nyingine ya kuandika habari hizi, nayo ni kosa langu mwenyewe. Afadhali nianze na kosa hilo, ili msomaji ajue kwamba siyasemi haya kwa kujiona mjuzi.

Kosa langu

Baba yangu mdogo anakaa Makambako, na anayo pikipiki kuukuu ya cc 125. Kwa pikipiki hiyo huchukua abiria na viazi, na mara moja kwa mwezi humpeleka bibi yetu kliniki Njombe mjini. Likizo ya Juni mwaka jana nilikaa kwake. Jioni moja, tulipokuwa tukiota moto, akaniambia, "Mwanangu, kesho alfajiri nakwenda Njombe na gunia la viazi. Hebu niangalizie oili."

Nikatoka upesi, maana baridi ilikuwa kali. Nikafungua kifuniko, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakimulika kwa tochi. Nikaona kimelowa oili tangu juu mpaka chini. Nikarudi ndani nikasema, "Ipo, baba, tena tele." Naye akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba.

Kesho yake, alipokuwa akipanda mlima, injini ikaanza kupoteza nguvu. Kisha ikatoa mlio kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mara gurudumu la nyuma likakaza ghafula. Bahati njema alikuwa akienda polepole, akakamata klachi upesi, asianguke ila kuchubuka mkono. Pikipiki ikabebwa juu ya gari la mbao mpaka kwa fundi. Fundi alipofungua nati ya chini, oili iliyotoka haikujaza kikombe kimoja cha chai, tena ilikuwa nyeusi kama masizi. Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda. Injini imenoki.

Matengenezo yale yalikula fedha ya magunia sita ya viazi. Pikipiki ililala majuma matatu. Siku ya kliniki ya bibi ikapita, asiende. Na fedha niliyokuwa nimewekewa kwa viatu na godoro la shule ikaingia katika silinda mpya. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Hukukipangusa kijiti." Neno hilo liliniuma kuliko fimbo.

Basi siku ya pili nikaenda kwa fundi yule nikamwambia, "Shikamoo, fundi. Naomba unifundishe habari za oili." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Chukua kitambaa hicho, anza na kupangusa." Likizo yote iliyobaki nilishinda katika banda lake. Mambo nitakayoeleza hapa chini niliyapata kwake, na mengine katika somo letu la Fizikia na katika vitabu vya pikipiki.

Oili hufanya kazi gani?

Watu wengi hudhani kwamba oili ni ya kulainisha tu. Kweli inalainisha, lakini kazi zake ni zaidi ya hiyo.

Tufanye hesabu kidogo. Injini ndogo ya cc 125 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni sawa na mara 100 kwa sekunde moja. Kila mzunguko mmoja pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja. Safari yake ya kwenda juu ni karibu sentimita 5, na ya kurudi chini ni sentimita 5 nyingine. Basi kwa sekunde moja pistoni imesafiri sentimita 1,000, yaani meta 10! Chuma kikisuguana na chuma kwa mwendo huo bila kitu katikati, joto la msuguano huwa kubwa hata vyuma hushikana. Kazi ya kwanza ya oili ni kuweka utando mwembamba kati ya vyuma hivyo, visigusane.

Kazi ya pili ni kuchukua joto. Pikipiki zetu nyingi hazina maji ya kupozea injini. Hupozwa na upepo unaopita katika mapezi ya silinda, na oili inayozunguka ndani. Oili ikiwa kidogo, ile iliyopo haipati nafasi ya kupoa.

Kazi ya tatu ni kusafisha. Oili huchukua masizi na unga wa chuma na kuuondoa mahali penye msuguano. Ndiyo sababu oili njema hubadilika rangi baada ya kazi. Ni kama maji ya kufulia nguo: yakichafuka, maana yake yamefanya kazi, lakini hufulii tena kwa maji hayo hayo juma zima.

Kazi ya nne ni kuziba. Oili husaidia ringi za pistoni kuzuia nguvu ya moto isivuje kwenda chini. Na kazi ya tano ni kuzuia kutu, jambo kubwa kwetu sisi wa nyanda za juu, ambako ukungu na unyevu hutukuta karibu kila asubuhi ya kipupwe.

Tena lipo jambo moja la kukumbuka. Katika motokaa, aghalabu oili ya injini ni mbali na oili ya gia. Lakini katika pikipiki ndogo za mipigo minne, oili ile ile moja, ambayo ni kama lita moja tu, hulainisha pistoni, klachi na gia pamoja. Meno ya gia huikatakata oili hiyo na kuipunguza nguvu. Kwa hiyo haishangazi kwamba oili ya pikipiki huchoka mapema kuliko ya motokaa.

Wahandisi wenyewe walilijua tatizo letu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ya CG125, iliyokusudiwa hasa nchi ambazo watu hubeba mizigo mizito na kuchelewa kubadili oili. Kwa sababu hiyo vali zake husukumwa kwa fito, badala ya mnyororo na kemushafti iliyo juu kabisa ya injini, mahali ambapo oili ikipungua ndipo huumia kwanza. Injini nyingi za pikipiki za Kichina tunazoziona Njombe na Makambako zimefuata mfano wa injini hiyo. Ni injini zenye uvumilivu. Lakini uvumilivu una mwisho, kama nilivyojionea mwenyewe.

Fahamu kwanza pikipiki yako ni ya aina gani

Kabla ya kugusa kitu, jua kama pikipiki yako ni ya mipigo minne au ya mipigo miwili. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za mipigo minne, na maelezo yangu ni ya hizo. Lakini ziko pikipiki kuukuu za mipigo miwili, kama vile Yamaha AG100, zilizotumiwa sana na mabwana shamba. Katika hizo, oili ya injini huchanganyika na petroli na kuungua pamoja nayo. Haimwagwi wala haibadilishwi, bali huongezwa katika tangi lake dogo kila inapopungua. Gia zake zina oili yao peke yake, na hiyo ndiyo hubadilishwa. Mtu akitia oili ya mipigo miwili katika injini ya mipigo minne, ataiharibu.

Oili ipi inafaa?

Juu ya chupa ya oili utaona maandishi kama SAE 20W-50 au 10W-40. Herufi SAE ni za chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Tarakimu hizo zaonyesha uzito wa oili, yaani jinsi inavyotiririka. Tarakimu iliyo pamoja na herufi W ni ya wakati wa baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi injini inapowashwa ikiwa baridi. Tarakimu ya pili ni ya wakati injini imepata moto: ikiwa kubwa, oili hubaki nzito zaidi katika joto.

Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai wote twazijua. Oili ya tarakimu moja tu, kama SAE 40, huwa nzito kama asali asubuhi hizo, na huchelewa kufika juu ya injini. Oili ya tarakimu mbili ni bora. Hata 20W-50 hupimwa katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na Njombe haijafika huko! Basi fuata kitabu cha pikipiki yako. Kama kimepotea, muulize fundi anayeijua aina hiyo.

Kisha tafuta maandishi JASO MA. Hicho ni kipimo cha Wajapani kilichotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki ambazo klachi yake huoga katika oili ya injini. Oili nyingine za motokaa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano kupita kiasi. Katika motokaa ni jambo jema, lakini katika pikipiki zaweza kuifanya klachi iteleze: injini yalia, pikipiki haiendi.

Nunua chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Usinunue oili iliyomiminwa katika chupa ya maji kwa sababu tu ni rahisi. Oili iliyokwisha kutumika ikichujwa kwa kitambaa hung'aa kidogo na kumdanganya mtu, lakini nguvu yake imekwisha.

Namna ya kupima

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Kwanza, washa injini iungurume kwa dakika tatu hivi. Asubuhi ya baridi ngoja hata dakika tano.

Pili, zima injini. Simamisha pikipiki wima kwa stendi kubwa, mahali tambarare. Ikiwa haina stendi kubwa, mwombe mwenzako aishike wima. Usipime ikiwa imelalia stendi ya pembeni, maana oili itakimbilia upande mmoja na kijiti kitasema uongo.

Tatu, ngoja dakika mbili au tatu, ili oili iliyoko juu ishuke chini.

Nne, safisha vumbi kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua. Chembe za mchanga zikiingia ndani hufanya kazi ya tupa.

Tano, chomoa kijiti, ukipanguse kwa kitambaa safi mpaka kikauke. Hili ndilo nililoliacha! Injini inapozunguka huirusha oili huku na huku, na kijiti hulowa chote hata kama oili imebaki kidogo. Kijiti kisichopanguswa hakipimi kitu.

Sita, kirudishe kijiti ndani, kisha ukichomoe tena ukisome. Katika pikipiki nyingi zenye kijiti cha kufunga kwa kuzungusha, hukizungushi wakati wa kupima. Wakiweka tu kikae juu ya tundu. Ukikizungusha mpaka mwisho kitazama zaidi, nawe utadhani oili ni nyingi kuliko ilivyo. Angalia kitabu chasemaje.

Saba, kijiti kina alama mbili, ya juu na ya chini. Oili yapaswa kuwa kati ya alama hizo, afadhali karibu na ile ya juu. Ikiwa chini ya alama ya chini, usiendeshe. Ongeza kidogo kidogo, ukipima kila mara, wala usipite alama ya juu.

Pikipiki nyingine hazina kijiti bali zina kioo kidogo cha duara ubavuni mwa injini. Hizo nazo sharti zisimame wima, nawe uangalie kioo kati ya alama zake mbili.

Injini mpya yaweza kwenda siku nyingi bila kupunguza oili. Injini kuukuu sivyo. Ringi zake zimelika, na oili kidogo huungua kila siku au huvuja penye gasketi. Kwa hiyo mwenye pikipiki kuukuu apime angalau mara mbili kwa juma, na mtu wa bodaboda apime kila asubuhi. Kazi yenyewe haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai.

Oili yasema nini?

Fundi alinifundisha kuisoma oili kama mganga anavyosoma ulimi wa mgonjwa.

Ikiwa ya rangi ya asali au kahawia, bado ni njema. Ikiwa nyeusi na nyepesi kama maji, imechoka. Ikinuka petroli, yamkini kabureta inavuja na petroli inashuka ndani. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Pengine pikipiki imevuka mto wenye kina, au huendeshwa safari fupi fupi katika baridi, injini isipate moto wa kutosha kukausha unyevu. Ukiona vipande vinavyong'aa, vipime kwa sumaku: vya chuma vitashika, vya alumini havitashika. Unga mdogo katika injini kuukuu si ajabu, lakini vipande vinavyoonekana kwa macho ni habari ya kwenda kwa fundi siku hiyo hiyo.

Tazama na moshi pia. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi, unaokwisha injini ikipata moto, si ugonjwa.

Wakati wa kubadili

Vitabu vya pikipiki hutofautiana, na yafaa kila mtu afuate cha kwake. Kwa pikipiki kuukuu inayobeba mizigo na kula vumbi, fundi wangu hubadili kila kilometa 1,000 mpaka 1,500. Tangu Makambako mpaka Njombe ni karibu kilometa 60, basi kwenda na kurudi ni 120. Mtu anayekwenda na kurudi mara moja kila siku humaliza kilometa 1,500 kwa siku 12 na nusu. Akienda mara mbili, humaliza kwa siku zisizozidi saba. Mtu huyo akisema, "Mimi hubadili oili kila mwisho wa mwezi," amechelewa sana.

Wengi watauliza, "Na kama saa ya kilometa imekufa?" Katika pikipiki kuukuu aghalabu imekufa kweli. Basi hesabu kwa petroli. Ikiwa pikipiki yako huenda kilometa 40 kwa lita moja, lita 30 ni kilometa 1,200. Andika kila lita unayotia katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Namna ya kubadili

Tayarisha vitu hivi: spana inayoingia barabara katika nati ya kumwagia oili, beseni la zamani, vitambaa, faneli, chupa tupu yenye kizibo, washa mpya, na oili mpya ya kutosha. Pikipiki nyingi za cc 125 huchukua karibu lita moja, nyingine pungufu kidogo, nyingine zaidi. Kisha fanya hivi:

1. Pasha injini moto kwa dakika chache, uzime. Oili ya uvuguvugu hutoka upesi na kuchukua uchafu wote. Lakini isiwe ya moto mkali, isije ikakuunguza mkono.

2. Simamisha pikipiki wima, safisha kuzunguka nati ya chini, weka beseni, kisha fungua kifuniko cha juu ili hewa ipite.

3. Legeza nati kwa spana, halafu malizia kwa vidole. Katika injini za mfano wa CG, nyuma ya nati hiyo kuna springi na chujio dogo la waya. Vipokee vizuri, ukariri jinsi vilivyokaa. Wengi huvipoteza ndani ya beseni, wakaja kufunga nati peke yake.

4. Acha oili idondoke kwa dakika kumi. Swichi ikiwa imezimwa, piga kiki polepole mara chache ili itoke iliyobaki.

5. Osha chujio kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, ukalikaushe. Ikiwa pikipiki ina chujio la karatasi, weka jipya. Injini za mfano wa CG zina pia chujio linalozunguka ndani ya ubavu wa kulia. Kulisafisha ni kazi ya fundi, maana sharti kifuniko cha klachi kifunguliwe.

6. Rudisha chujio na springi, weka washa mpya, kisha anza kufunga nati kwa vidole. Ikikataa usiilazimishe, itoe uanze tena. Nyumba ya injini ni ya alumini, na meno yake hukatika upesi. Kaza kwa spana kiasi, si kwa nguvu zako zote.

7. Mimina oili mpya kwa faneli. Ikiwa kitabu kinasema lita moja, tia kama robo tatu na ushee kwanza, upime, kisha uongeze.

8. Washa injini dakika mbili au tatu bila kuvuta moto. Zima, ngoja, pima tena, ongeza inayopungua. Chungulia chini uone kama panavuja.

9. Andika tarehe na kilometa katika daftari.

Makosa ya kuepuka

Wako watu wanaojaza oili kupita alama ya juu wakidhani wanaipendelea injini. Oili ikizidi huchapwa mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi. Tena hutafuta pa kutokea, ikavujisha sili. Wako wanaoongeza tu oili mpya juu ya ile nyeusi mwaka mzima. Huo si ubadilishaji. Ni kama kutia maziwa mapya katika kibuyu kisichooshwa. Na wako wanaotia oili nzito mno ili kuficha moshi wa buluu wakati wa kuuza pikipiki. Huo ni udanganyifu. Ringi zilizolika haziponi kwa oili. Mnunuzi na awashe injini ikiwa baridi, atazame moshi mwenyewe.

Oili chafu iende wapi?

Mara nyingi oili chafu humwagwa nyuma ya banda. Mvua ikija huichukua mpaka mferejini, na kutoka mferejini mpaka mtoni. Hapa Njombe mto Ruhuji wapita katika mji wetu, na watu wa chini huteka maji yake. Oili huelea juu ya maji na kuzuia hewa isiingie, viumbe vya majini vikafa. Basi imimine katika chupa yenye kizibo, uipeleke kwa fundi anayekusanya. Wako wanaoipaka katika nguzo za zizi kuzuia mchwa. Lakini mtu asiipake mahali penye chakula wala karibu na kisima, na aikinge mikono yake. Oili iliyotumika hudhuru ngozi ikishikwa kila siku. Nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Mwisho

Ndugu wasomaji, lita moja ya oili ni ghali kwa mtu wa hali ya chini, sikatai. Lakini nimeona kwa macho yangu bei ya kukosa oili: silinda mpya, majuma matatu bila kazi, na bibi aliyekaa kibarazani na kadi yake ya kliniki mkononi akingojea pikipiki isiyokuja. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta.

Sasa kila nikienda kwa baba mdogo, jioni hunipa tochi bila kusema neno. Hutoka, nikaisimamisha pikipiki wima, nikachomoa kijiti. Nami hukipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena, ndipo huingia ndani kumwambia kilichopo. Mpaka leo hajaniuliza kama nimekipangusa, lakini naona huitazama mikono yangu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu